Jiwe la Pande Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Mwenye Mabati amekubali kuezeka upya wodi ya wazazi. Sharti lake moja: wodi iitwe kwa jina lake. Mimi, katibu wa kamati ya zahanati, nikasema hakuna shida.
Shida ipo. Wodi ina jina tayari, la binti wa Bibi Mfadhili, aliyefariki akijifungua. Bibi ndiye aliyeijenga. Mke wangu, mkunga wa wodi hiyohiyo, kasema jina la marehemu halibanduliwi bila kumwuliza mfiwa. Nikamjibu adabu haizuii mvua. Uchaguzi wa mwenyekiti umekaribia, na mleta paa ndiye mwenyekiti.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata akili! Jina sibandui. Nageuza jiwe lililochongwa jina hilo, lile la ukutani. Mchongaji ataandika upande wa nyuma. Mwenye Mabati akija, upande wake. Bibi akija, upande wake. Mke wangu kasema njia ya mwongo ni fupi. Nimempuuza.

Ijumaa, 8 Machi
Mwashi nilimwambia alishike jiwe kwa skrubu. Kalishika kwa saruji, upande wa Mwenye Mabati nje, haligeuki tena. Eti jiwe la jina halifai kuchezacheza. Basi. Bibi anaishi mbali, na mwaliko sikumpelekea. Nimetundika pazia juu ya jiwe kwa uzinduzi wa kesho.

Jumamosi, 9 Machi
Bibi alikuja. Mke wangu alimpigia simu. Akaketi mbele na kitambaa chake. Kila mwaka huja nacho kulifuta jiwe la mwanawe.
Mwenye Mabati akavuta pazia. Makofi. Bibi akalisogelea jiwe, akasoma, akaniuliza mwanawe yuko wapi. Nikasema yupo, upande wa nyuma. Akauliza kwa nini tumemgeuzia uso ukutani. Akalifuta jiwe vilevile, taratibu, mpaka pembeni. Niliona haya, haya ya kweli.
Mwenye Mabati hakujua kitu, sikuwa nimemwambia. Akamwita mwashi, akasema paa atalileta vilevile, ila jina lake liondolewe sasa hivi. Jiwe likatoka vipande viwili. Akaahidi kuchongesha jingine la binti. Mke wangu akamsindikiza Bibi hadi langoni, wameshikana mikono. Mimi hakuna aliyeniaga.

Jumatatu, 25 Machi
Paa limekwisha. Jiwe jipya la binti lipo mahali pake, Bibi kaja kulifuta. Mwenyekiti kachaguliwa: mke wangu. Kura zote, hata yangu.
Nimeshika adabu. Nimeapa mbele yake kwamba jina la mtu sitaligusa tena.
Ila vyoo vipya vya wagonjwa havina jina lolote. Na kile kipande cha chini cha jiwe nimekihifadhi stoo. Upande wa binti pale chini ni mtupu. Nimepima, jina langu linaenea. Upande wa pili una herufi za Mwenye Mabati. Hizo nitazigeuzia ukutani.
Sidhani kama mwenyewe atakuja vyooni.