Zimwi la Kisima Chetu

Jumatatu, 12 Mei

Binti yangu Sabiha kaja na mwanawe Najim, miaka mitatu na nusu. Jumatatu ijayo anaanza kazi ya upishi kwenye kambi ya watalii, Saadani. Mtoto abaki kwangu Bagamoyo, au aende Kerege kwa Bi Arafa, mama mkwe wa Sabiha. Sharti moja: kisima cha uani kifunikwe kabla ya Jumamosi. Ukingo wake unamfika Najim kifuani tu. Saruji kanunua mwenyewe. Fundi Haidar anakuja kesho kutengeneza mfuniko.

Bi Arafa hana kisima. Ana tenki juu ya mnara wa matofali, na ngazi ya chuma. Kila tukikutana lazima alitaje. Tenki! Mtoto atabaki hapa. Tangu mke wangu Mwanamvua afariki, kinachosema humu ndani ni saa ya ukutani peke yake, nami nimechoka kuisikiliza.

Jumanne, 13 Mei

Haidar kaja. Nimemrudisha. Kisima alikichimba marehemu baba, nimekua pembeni yake, na nipo mzima. Ndugu yangu Haji ndiye aliyetumbukia, lakini Haji hakuwa msikivu.

Dawa ya mtoto ni hofu. Nimemwambia Najim mle ndani mna zimwi, linakula watoto. Kakodoa macho. Kazi imekwisha! Mfuko wa saruji nimeulaza kando ya kisima.

Jumatano, 14 Mei

Hofu haikutosha. Mtoto kauliza zimwi linakula saa ngapi.

Basi nikajificha nyuma ya kisima, kichwa ndani ya ndoo, nikanguruma: nani huyo? Hata mimi nywele zilinisimama. Kisha Najim, kwa adabu zote alizofunzwa na mama yake, akaliamkia zimwi shikamoo.

Nikajibu marahaba.

Mdomo uliniponyoka! Mtu wa miaka sitini na saba, ataamkiwa asiitikie?

Alhamisi, 15 Mei

Sasa ni marafiki. Asubuhi Najim kaenda kuliamkia. Mchana kalipelekea nusu ya andazi lake. Nimemkataza. Kasema zimwi linaitikia vizuri, halina ubaya, Babu ni mwongo. Nasutwa nyumbani kwangu!

Sabiha kaulizia mfuniko. Nimemwambia saruji inapumzika. Si uongo. Mvua ya jana imeinyeshea, imeganda ndani ya mfuko wake, ngumu kama jiwe.

Ijumaa, 16 Mei

Nimetoka msikitini nikamkuta Sabiha kakaa chini uani, kamkumbatia mtoto. Alikuwa akiosha vyombo. Najim kapanda juu ya mfuko wa saruji, akainama kulipatia zimwi andazi. Mama yake kamdaka kifundo cha mguu, mwili wote umeshaingia. Kiatu kimoja kiko chini ya maji mpaka sasa.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kafunga mizigo, kasema Baba, sisi tunakwenda Kerege, akamshika mtoto mkono. Najim kaomba aliage zimwi kwanza. Kakatazwa.

Nimelia. Naandika humu tu, asijue mtu.

Jumamosi, 17 Mei

Saa ya ukutani imesema tangu alfajiri. Nimekaa juu ya mfuko wa saruji, nikafikiri, nikapata. Kosa si langu. Kosa ni zimwi kukaa kwangu, wakati Bi Arafa hana hata moja. Najim akiliogopa la huko, si atalilia kurudi kwa babu yake?

Nimepiga simu Kerege. Bi Arafa kanisifia tenki, kisha kampa Najim simu. Nikamwambia zimwi limehama. Limo ndani ya tenki la bibi yake, na huko limekuwa kali kweli kweli.

Nikajua hofu imemwingia. Kisha akauliza ngazi iko wapi.

Nimemwelekeza: nyuma ya jiko, mkono wa kushoto, ili ajue pa kutokwenda.

Nimefagia chumba na kumtandikia kitanda. Kesho adhuhuri haifiki, watanipigia simu wenyewe.