Mimi Mbele, Shomari Nyuma

Jumatatu, 14 Julai

Habari kubwa! Wageni wanakuja kutembea njia ya zamani ya misafara, kutoka hapa Tabora mpaka Ujiji. Kwa miguu! Na treni ipo. Hayo yao. Anatafutwa mwenyeji mmoja wa kuwaongoza, anayeweza kuongea Kiingereza. Dada wa kampuni ya utalii, anaitwa Julieth, atakuja Jumamosi kumchagua katika darasa letu la Kiingereza, pale ukumbi wa kanisa.

Mtu huyo ni mimi. Nani mwingine? Mathias, fundi baiskeli, Gongoni nzima inanijua. Yupo Shomari, sawa, fundi cherehani wa baraza ya jirani, naye anasoma darasa hilohilo. Lakini Shomari ni Mzaramo. Tabora kaja na treni. Sisi Wanyamwezi njia hii tumeikanyaga tangu enzi za mababu.

Nimempigia simu mama mkwe kule Goweko, nikamwambia nimeshachaguliwa. Nimetangulia kidogo tu. Mama kapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Amesema atatangaza kanisani, na siku ya kuondoka, Jumatatu ijayo, atakuja yeye mwenyewe kuniaga, pamoja na shangazi zake.

Mke wangu Recheli alikuwa anasikiliza. Kauliza, na nisipochaguliwa je? Nimemwambia aache kunitilia nuksi.

Jumatano, 16 Julai

Leo darasani: "I" na "me", "he" na "him". Mwalimu Advera ni mstaafu na hana mchezo. Amesema Kiswahili kina "mimi" mmoja kwa kazi zote, lakini Kiingereza kinabadilisha. Anayetenda anasimama mbele na ana neno lake, anayetendwa yuko nyuma na ana lake. Akatuita mimi na Shomari tuigize. Shomari akanisukuma, darasa likasema "He pushes him." "Him" ni mimi. Shomari akanivuta. "Him" ni mimi tena. Shomari akanibeba mgongoni, mtu mzima na ndevu zangu! Nikauliza zamu yangu ya kutenda ni lini. Mwalimu akasema kipindi kimekwisha.

Nimetafakari nikiziba pancha. Siri nimeigundua! "I" ni neno la wakubwa. "Me" ni la watu wanaosukumwa. Kiongozi wa msafara hawezi kusema "me". Kuanzia leo mimi ni "I" tu, mbele, nyuma, katikati. Nimempitia Mwalimu kumweleza uvumbuzi wangu. Amesema, baba, Kiingereza hakigawi vyeo, kajifunze kilivyo. Masikini. Umri umeenda.

Alhamisi, 17 Julai

Shomari ni hatari. Anatamka kama redio. Ila bila miwani hasomi hata herufi moja. Hapo ndipo wazo lilipokuja. Heko yangu!

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu misafara ya wazee wetu. Mtani akichukua kitu chako humshtaki wala humnunii. Unacheka, unakikomboa kwa jogoo. Basi nimepita barazani kwake saa ya chai, nikainyakua miwani mbele ya wateja, nikasema, mtani, hii nimeiteka. Wateja wakacheka. Shomari naye akacheka. Akauliza nataka jogoo wa rangi gani. Nikasema nitamjibu Jumatatu. Jumatatu! Usaili utakuwa umepita!

Recheli kasema mkuki kwa nguruwe mtamu. Sikuona nguruwe anahusikaje.

Ijumaa, 18 Julai

Shomari hajaja kudai miwani. Anashona kwa kupapasa na anaimba. Anaimba nini? Mimi nimekariri hotuba nzima ya Kiingereza kuhusu asali ya Tabora. Nimemsomea Recheli. Kasinzia kabla ya nyuki kufika mzingani.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekufa. Naandika kama marehemu.

Nilifika ukumbini nimevaa suti, viatu vinang'aa. Nikakuta mkeka mlangoni na dada zake Shomari wamejifunga kanga, wanalia. Wanamlilia Mathias! Shomari kajilaza kizingitini, anasema maiti haiingii mpaka jogoo apatikane. Dada mmoja akanitazama juu mpaka chini, akasema jamani, marehemu kapendeza. Darasa zima hoi.

Julieth akafika, akauliza kulikoni. Shomari akanyanyuka. Bila miwani, bila karatasi, akamsimulia yote kwa Kiingereza: nani kamchukulia nani miwani, nani kaificha, nani kafa, nani anamsamehe nani. "He" hapa, "him" pale, "they", "them", kila neno mahali pake, na kila akifika kwa anayetendwa au mwizi ananinyooshea kidole mimi. Julieth alicheka mpaka akaketi mkekani na wafiwa.

Hapo nikaharibu. Mtani hanuniwi! Mtoto wa Kinyamwezi anayajua hayo kabla hajajua kufunga vifungo. Mimi nilinuna. Nilifoka. Nikasema huu si utani, ni hujuma, na hotuba ya asali ikanitoka yote kichwani. Julieth akaniomba niseme lolote kwa Kiingereza. Nikapiga kifua: "I not dead! Ask I!" Wafiwa wakaanza kulia upya.

Mwalimu Advera akaamua. Aliyenuna ndiye anayelipa jogoo, na miwani irudi leo leo. Kiongozi ni Shomari. Nimeumia, sifichi. Jumatatu mama mkwe anakuja.

Jumapili, 20 Julai

Nimeshinda kitandani, nimegeukia ukuta. Kumbe Recheli kaenda kwa Julieth. Kamwambia mume wake ana baiskeli inayobeba magunia ya mkaa bila kuyumba. Julieth alikuwa anatafuta mtu wa kubeba masufuria na unga. Nimepata kazi! Nilitaka kukataa. Recheli kasema nichague, masufuria au nimweleze mama ukweli. Nimechagua masufuria.

Halafu nikagundua jambo. Masufuria lazima yatangulie, ili watu wakifika wakute chakula kimeiva. Yaani mimi mbele, Shomari nyuma. Basi mama sikumdanganya!

Jumatatu, 21 Julai

Tumeagwa. Mama mkwe kaja na shangazi zake na kapu la karanga. Akauliza kwa nini kiongozi kafungiwa masufuria. Nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akauliza tena. Shomari akadakia, akamwambia, mama, bila mtu huyu msafara haufiki popote. Mama akalia kwa furaha. Sijui kwa nini Shomari kafanya hivyo. Lazima ana lake jambo.

Ijumaa, 25 Julai

Siku kuu ya maisha yangu!

Asubuhi tuliondoka Urambo. Shomari akasema nishike barabara ya Kaliua, nisipinde popote. Mtu mzima haambiwi njia. Nikaona kijia kizuri mkono wa kulia, nikapinda. Msitu, kisha tumbaku, kisha msitu tena. Kisha watu wananiambia karibu Ulyankulu. Ulyankulu! Mtandao hakuna. Masufuria yote ninayo mimi. Unga ninao. Hata chumvi.

Nikapika, nikangoja. Jua linashuka nikawaona wanakuja, wageni, Julieth, Shomari, wote, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kila kijiji walikuwa wanauliza kama imepita baiskeli inayogonga masufuria. Wangefanya nini? Chakula kiko kwangu. Shomari alijitupa chini akacheka mpaka machozi, akadai jogoo wa pili. Wenyeji wametuletea viazi vitamu na ngoma. Wageni wanacheza mpaka sasa. Mgeni mmoja mwenye mvi kamwambia Julieth safari nzima hajafurahi kama leo.

Nimepanda juu ya kichuguu nikapata mtandao, nikampigia mama mkwe. Nimemweleza ukweli mtupu. Leo msafara wote umetembea nyuma yangu, na kiongozi mwingine akiwemo. Vigelegele!

Kesho natoka alfajiri, kabla Shomari hajaamka. Mwenyeji mmoja kanielekeza njia ya mkato ya kurudi barabarani. Inapita kwenye mbuga ya matope, lakini amesema karibu ng'ombe wake wote huwa wanafika ng'ambo.