Mayai Matatu Kila Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limekaa ubaoni wiki nzima. Nimelisoma leo. Kila mwanafunzi mwenye biashara chuoni apeleke kwa muuguzi daftari la mlo wa siku saba, kisha apimwe damu. Mwisho keshokutwa. Asiyefaulu hapewi kibali. Yote haya ni kwa sababu ya muuza vocha aliyezimia muhula uliopita mbele ya wateja, hajatia kitu tumboni tangu juzi yake. Ametuponza sote.

Mimi nanyoa katika chumba cha zamani cha kufulia. Kiti kimoja, kioo kimoja, soketi moja inayofanya kazi. Wateja huja saa saba, wakitoka darasani, kwa hiyo mchana sili. Asubuhi sili kwa sababu nimechelewa kuamka. Jioni biskuti na soda. Nimejaribu kuyaandika hayo. Siku saba zimeingia katika mistari miwili. Nimeuchana ukurasa.

Jumanne, 4 Machi

Jirani yangu wa biashara ni fundi cherehani, tunamwita Sindano. Chumba chake hakina dirisha, na langu analitamani tangu mwaka jana. Leo kaja na futi yake ya kushonea, kalipima juu mpaka chini. Kasema kwa upole kwamba nikinyimwa kibali nisihangaike, kioo atanisaidia kukitoa ukutani. 

Adhuhuri nikampelekea suruali apunguze pindo. Alipoinama kutafuta uzi mweusi, nikalifungua daftari lake la mlo na kulipiga picha. Mayai mawili kila asubuhi. Maharage, bakuli moja. Mboga za majani. Maini mara mbili kwa wiki. Chungwa. Mtu anakula kama anaandaliwa kwa maonyesho!

Kunakili vilevile ni kujikamatisha. Nimeongeza. Yeye mayai mawili, mimi matatu. Yeye bakuli moja, mimi mawili. Maini mara nne. Hakuna atakayeshuku.

Jumatano, 5 Machi

Sista, yaani muuguzi wa chuo, alisoma daftari langu mstari kwa mstari, akifuata kwa kidole. Akanisifu. Akasema laiti wote wangekuwa kama mimi. Akanichoma, akachukua tone la damu, akatazama kifaa. Akapima tena. Akaleta kifaa kingine.

Akauliza kama kweli nakula mayai ishirini na moja kwa wiki. Nikasema ndiyo, sista. Na maini siku nne? Ndiyo, sista. Akaenda kufunga mlango.

“Mwanangu,” akasema, “anayekula hivi hawezi kuwa na damu kidogo namna hii. Chakula kinaingia, halafu kuna kitu ndani kinakichukua.”

Kaniandikia barua ya hospitali kubwa. Bahasha kaifunga kwa gundi. Niende Ijumaa, na asubuhi nisile chochote. Katika maagizo yake yote, hilo ndilo ninaloliweza.

Alhamisi, 6 Machi

Nina ugonjwa. Dalili zote ninazo. Nikisimama, chumba kinazunguka. Mikono inatetemeka, nayo ni mikono ya kinyozi. Mteja mmoja kaondoka na njia kutoka paji mpaka kisogoni. Nimemwambia ndio mtindo.

Nimempigia mama. Nikamweleza kwamba damu inaniisha ingawa nakula vizuri. Akataka kujua nakula nini. Nikamsomea daftari.

“Maini?” akasema. “Wewe? Uliyekuwa ukiyatema mezani kwangu mbele ya wageni?”

Kisha akauliza, polepole, leo nimetia nini mdomoni. Nikasema mtandao unasumbua.

Nilikuwa nimelisoma daftari lile mara nyingi mno, mpaka nikaliamini. Sasa nina hofu mbili. Nikinyamaza, watanichoma sindano. Nikikiri, dirisha linakwenda.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenyamaza, nimekwenda. Daktari alisoma barua mara mbili na kunitazama kwa huruma, jambo lililonitisha kuliko barua yenyewe. Akaeleza kwamba wataanza na damu, na wasipopata jibu watachukua uboho kwenye nyonga. Akaonyesha urefu wa sindano kwa vidole vyake. Kisha akavitanua zaidi.

“Daktari,” nikasema, “mayai si yangu.”

Akauliza ni ya nani. Nikasema ni ya fundi cherehani, isipokuwa la tatu.

Alasiri nilisimama mbele ya sista. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Kanipa vidonge vya kuongeza damu na kibali cha mwezi mmoja, kwa sharti: kila siku saa saba, sahani kamili. Atakuwa anapita kukagua. Siku sahani isipomalizika, chumba ni cha Sindano, ambaye tayari kaulizwa na kakubali.

Jumatatu, 10 Machi

Saa saba kamili. Wali, maharage, mboga, yai. Wateja tisa mlangoni.

Sista alisema nile. Hakusema nisinyoe. Nikampa mteja wa kwanza sahani aipakate juu ya shuka la kunyolea. Mashine mkono wa kulia, kijiko mkono wa kushoto. Kijiko cha pili kilikuwa na nywele nyingi kuliko mboga. Cha tatu sikukifikisha. Wateja walikuwa wananung'unika, nikaiweka sahani dirishani, nikasema nitaendelea baadaye.

Nikasikia viatu vya sista kwenye korido. Nikaikimbilia sahani. Tupu! Mteja wa tatu, kijana mnene wa mwaka wa kwanza, alikuwa anafuta mdomo kwa shuka langu. Kasema alidhani inakwenda pamoja na kunyolewa.

Sista akachungulia, akaiona sahani, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nusura nilie.

Nimeshapatana na kijana. Kuanzia kesho namnyoa bure, saa saba kamili, na asibakize hata punje.