Jina Linalotamba Dirisha la Pili

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kajifungua jana. Mvulana! Kilo tatu na nusu, na sauti ya kuita watu mtaa wa pili. Nilipofika nyumbani nikaenda moja kwa moja chumba cha nyuma kumwambia Baba, ambaye huu ni mwezi wa pili hatoki kitandani. Akatabasamu. Akasema aletewe kitukuu wake amwone kabla hajafumba macho.

Nikamwahidi. Ila kwanza jina! Mimi na Baba jina letu moja, na yeye alilipata kwa baba yake. Nikarudi hospitali kumwambia binti. Akasema samahani Baba, tumeshachagua. La kisasa! Kama jina la dawa ya kikohozi. Mume wake, fundi simu, akaongeza kwamba jina letu ni la mtu anayezaliwa na mkongojo. Mkwe huyo! Nikamwambia binti basi, mtoto bila jina letu asikanyage kwangu. Atarudi tu, mwenyewe. Mtoto akililia wembe mpe.

Jumanne, 4 Machi
Hajarudi.

Kazini mimi ni karani wa dirisha la kwanza, vizazi. Dirisha la pili, vifo, yupo Bwana Pole, aliyepewa jina hilo kwa sababu ndilo neno analosema kutwa. Leo nimefungua madaftari ya zamani nikahesabu. Mwaka niliozaliwa mimi: wavulana arobaini na mmoja wenye jina letu! Mwaka aliozaliwa binti yangu: sita. Mwaka jana: mmoja, na wazazi wake walirudi baada ya wiki kulibadilisha. Mwaka huu: hakuna. Bwana Pole akachungulia begani kwangu, akasema nisihuzunike, mbona kwake jina langu linatamba? Tangu Januari ameshawaandika tisa. Mshenzi.

Alhamisi, 6 Machi
Nina mpango. Nikipata watoto watatu wanne wenye jina letu, binti ataona limerudi kwenye fasheni. Kutwa nzima nimelinadi dirishani. Nikawaambia wazazi kwamba wenye jina hili hutulia, huongoza watu, hula vizuri. Mama mmoja alikuwa ameshaingia kwenye kumi na nane zangu, kalamu ninayo mkononi! Mara akatazama sweta langu lililotoboka kiwikoni, akaniuliza mimi mwenyewe naitwa nani. Nikaficha kiwiko chini ya meza. Akachagua lile la dawa ya kikohozi. Kumbe ndilo wanaloitwa wote.

Jioni Baba ameuliza kama mtoto amekuja. Nikasema kesho. Uji wake hakuumaliza.

Ijumaa, 7 Machi
Liwalo na liwe! Nimemwandikia mjukuu cheti mwenyewe. Fomu halisi, muhuri halisi, jina letu kwa wino mweusi, ila daftarini sikumwingiza. Nikampelekea Baba kitandani. Akavaa miwani, akasoma, akasoma tena, kisha akauliza mtoto yuko wapi. Nikamwekea kidole pale kwenye jina. Akasema kusoma anajua, anachotaka ni mtoto.

Kisha akaniambia jambo. Jina hili hakuwahi kulipenda. Utotoni walimtania nalo mpaka akawa anajificha. Mimi alinipa kwa kuwa babu alisimama mlangoni akakataa kuondoka mpaka akubaliwe. Akaniomba nimpigie binti simu, mtoto aje kesho, aitwe watakavyo.

Nikaitikia ndiyo. Simu sikupiga. Hiyo ni homa inayosema, nilijiambia. Na binti akinusa kwamba nimelegea leo, Jumatatu yupo dirishani kwangu anasajili dawa ya kikohozi.

Jumapili, 9 Machi
Baba amefariki jana asubuhi. Nilikuwa jikoni. Nilipoingia na chai alikuwa ameshakwenda, uso ameuelekeza mlangoni.

Binti alikuja mbio, mtoto kifuani. Tulikuwa tumeshamzika jana ile ile alasiri. Akaingia chumba cha nyuma, akamlaza mtoto kwenye kitanda kitupu, akalia mpaka akakaa sakafuni. Akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba Babu alikuwa anamuulizia. Mtoto ana masikio ya Baba, yale yale. Roho inaniuma, naandika hivyo kwa sababu humu hasomi mtu.

Jumatano, 12 Machi
Leo nimesimama nje ya dirisha la pili kama watu wengine. Bwana Pole akasema pole, na nadhani safari hii alimaanisha. Fomu nikajaza mwenyewe. Miaka ishirini na sita kazini, nifundishwe? Macho yamejaa machozi, nikaandika jina letu, na mkono ukaendelea kwa mazoea: tarehe yangu ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho changu. Bwana Pole akagonga muhuri bila kusoma. Ndiyo kawaida yake.

Tumegundua saa tisa. Nimekufa! Kisheria kabisa, cheti ninacho. Mkuu wa ofisi amesema kulifuta jambo hilo ni miezi mitatu, na mpaka hapo marehemu hawezi kukaa dirisha la vizazi. Baba akaandikwa upya, sawasawa. Bwana Pole akahesabu: kumi na mmoja, na mimi nikiwamo.

Nimerudi nikakaa chumba cha nyuma, kwenye kiti cha kando ya kitanda. Nimewaza sana leo. Nimemkumbuka Baba na macho yake mlangoni. Na hatimaye nimeliona kosa langu.

Nilikuwa naomba nikiwa hai! Mtoto hajasajiliwa bado, msiba umewachelewesha. Baba aliye hai anakataliwa na kila mtu, lakini wosia wa marehemu nani atathubutu kuukataa? Nimeshaandika mstari wa kwanza: Mimi, marehemu baba yako, neno langu la mwisho ni jina. Kesho namtuma Bwana Pole akamsomee. Ana sauti inayofaa.