Nilivyomfafanulia Baba Mkwe Mwisho wa Sinema

Leo nimeumbuka ukweni, tena ukweni kwenyewe bado hakujawa kwangu.

Wenzangu, jana gari la serikali lilileta sinema Makambako. Katika picha hiyo, mume kaenda kazini mbali, miaka imepita. Mwishoni mkewe kasimama mlangoni, anasikia hatua, uso unabadilika. Basi, picha ikaisha! Watu wakanung'unika kwamba wameibiwa mwisho. Mimi nilirudi nyumbani Lyamkena nikiiwaza njia nzima. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Asubuhi hii tukaenda na baba mdogo, mshenga wangu, kumposa Eliza. Mposaji siku hiyo ana kazi moja tu: kukaa kimya, mshenga aseme. (Hata jiwe lingeiweza.)

Baada ya salamu za kamwene na habari za mahindi, baba mdogo akanisifu. Akaeleza kwamba Januari nakwenda chuo cha ualimu, miaka miwili, kisha ndoa. Baba yake Eliza akaridhika. Chai ikaletwa, na viazi. Katika mazungumzo mzee akaitaja ile sinema, akasema imemkera: yule mume alirudi au hakurudi?

Nikashindwa kujizuia. Nikasema uzuri wake ndio huo, kutoambiwa. Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikaendelea! Nikasema uso wa yule mama unatosha, umebeba miaka yote ya kungoja. Nikamalizia kwa madaha: "Arudi asirudi, baba, si hoja."

Mzee akaweka kikombe chini.

"Si hoja?"

"Kwenye picha, baba."

"Kijana, wewe unakwenda chuo miaka miwili. Eliza naye asimame mlangoni, sisi tumtazame uso?"

(Nilitazama viazi. Havikunisaidia.) Baba mdogo akaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, pamoja na marehemu. Mzee akasema posa hajaikataa, ila jibu atalitoa siku nitakayorudi kutoka chuoni, akiniona kwa macho yake.

Eliza akatusindikiza hadi njiani. Nilitamani ardhi inimeze. Baba mdogo alipotangulia, Eliza akaniambia taratibu:

"Mimi pia niliipenda ile picha. Yule mume alirudi."

"Umejuaje?"

"Nimeamua tu. Lakini si ungenyamaza?"

Basi msinicheke, jamani. Wenzangu wanakwenda chuo kujifunza kusema, mimi nakwenda kujifunza kunyamaza.