Sukari Yetu Iko Kifungoni

Kwako Dada Mtaalamu wa Lishe,
Kipindi cha Afya cha Asubuhi,
Redioni.

Dada yangu mheshimiwa,

YAH: KUOMBA UNIRUDISHIE CHAI YANGU YA SAA NNE

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Naamini u mzima, maana wewe usipokuwa mzima sisi wengine tutamwamini nani? Mimi ni mama wa watoto wawili, binti aliyeanza shule mwaka huu na mdogo wake ambaye bado ananyonya. Hatujuani, lakini sauti yako naijua kuliko ya dada yangu wa tumbo moja. Dada yangu hajawahi kuniamsha na tongotongo machoni akiniuliza jana nimekula matunda gani.

Nakuandikia kwa heshima zote. Naomba usome ukiwa umekaa, na kama unakunywa kitu chenye sukari, tafadhali kiweke mbali, kwa sababu kitaniumiza roho hata kama sikioni.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Miezi michache iliyopita alishikwa na kizunguzungu akiwa juu ya ngazi. Wenzake wakamshusha kama gunia la viazi, wakampeleka kwa nesi, na nesi akakuta presha imepanda. Siku ile, Dada, nilimshika vile vidole vyake vyenye makovu ya cheche. Nikamwambia Mungu kwamba huyu akinirudia mzima, sitalalamika tena juu ya jambo lolote maishani. Mungu alinisikia. Mimi nami ahadi yangu nimeitunza hadi leo asubuhi, na nadhani hata Mungu mwenyewe ameshangaa nimefika mbali kiasi hiki.

Nesi alimwambia apunguze chumvi na mafuta, atembee, apumzike, na asikilize kipindi chako. Angeishia kwenye kupumzika, nisingeshika kalamu. Mume wangu ni fundi, na fundi haelewi jambo mpaka alipime, alikate, alichomelee. Wewe unasema, yeye anachomelea. Ndipo yakatupata haya yafuatayo:

1. Sahani. Ulisema nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe wanga, na robo iliyobaki iwe vyakula vya kujenga mwili. Maneno mazuri. Sisi tulidhani mtu anakadiria kwa macho. Mume wangu alizikusanya sahani zetu zote za chuma akaenda nazo karakana, na jioni zikarudi zikiwa na kuta. Sasa wali una chumba chake, maharage yana chumba chake, na mboga zina sebule. Mchuzi hauna ruhusa ya kuvuka. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, aliigeuzageuza sahani yake, akasema yeye ameishi nyumba za kupanga tangu ujana wake lakini wali wa kupanga hajawahi kuuona. Kuosha sahani hizo ni sawa na kufagia nyumba ya vyumba vitatu, kona kwa kona, na mfagiaji ni mimi.

2. Maji. Ulisema tunywe maji ya kutosha. Nyumba yetu ina wapangaji wengi na choo kimoja. Naomba niishie hapo.

3. Kicheko. Ulisema kucheka kila siku ni dawa ya akili, hata kama mtu hana cha kumchekesha, aanze tu, kicheko chenyewe kitakuja. Mume wangu akakipangia ratiba, kabla ya uji. Siku ya kwanza tulisimama ukumbini tukacheka bila sababu, mtoto mchanga akaangua kilio, na jirani yetu fundi cherehani akaja mbio na ufagio akidhani tunauana. Alipoelezwa, alisema sisi ni wagonjwa. Kesho yake alikuja tena, safari hii bila ufagio, akasimama pembeni kama mtu anayesubiri basi. Sasa yeye ndiye anayecheka kuliko wote, na kicheko chake kina mluzi mwishoni. Mimi nilikuwa na uji jikoni unaochemka na kumwagika, Dada. Hakuna kicheko kinachopangusa jiko.

4. Hisia. Ulishauri kwamba familia ikae pamoja, kila mmoja aseme lililo moyoni mwake, na wengine wasimkatize. Nasi tukapata baraza la hisia, kila jioni, chakula kikiwa mezani. Binti yangu alisema anaichukia sabuni. Hatukumkatiza. Baba yake akampongeza kwa ujasiri wake, na tangu hapo kila nikimkamata nimwogeshe ananiambia, Mama, unaumiza hisia zangu. Mama mkwe naye alianza na hisia za siku ya harusi yetu, nani alikaa mbele na nani alipewa soda ya moto, na mpaka wali unapoa chumbani mwake alikuwa bado hajafika kwenye hisia za keki. Zamu yangu ilipofika nilisema nina usingizi. Wote wakanitazama kwa huruma, wakisubiri hisia yenyewe. Nikawaambia ndiyo hiyo.

5. Mapumziko. Hapa naomba nieleweke. Uliposema mama anayenyonyesha asipopumzika nyumba nzima inaumwa, nilipiga makofi na mtoto yuko mgongoni. Bahati mbaya na mume wangu alisikia. Sasa akirudi kazini, ananawa, ananipokonya mtoto mikononi, ananitoa mlangoni kwangu mwenyewe, na haniruhusu kurudi mpaka nusu saa ipite. Natakiwa nitembee, nitazame miti, nisifikirie chochote. Siku ya kwanza mikono yangu haikujua pa kukaa. Nilipofika kona ndipo nikagundua nimetoka na kitunguu. Nikazunguka mtaa mzima nacho, watu wakitusalimia sote wawili. Nikirudi nakuta mtoto amevalishwa nepi kinyumenyume na anaimbiwa wimbo wa karoti. Nimepumzishwa mpaka nimechoka.

Na kuhusu usingizi, ambao ulisema ni dawa: ni kweli, ila mume wangu ameinywa dawa yote, hakuniachia hata tone. Analala usingizi wa pono. Mtoto akilia, anayesikia ni mimi na wapangaji wote isipokuwa baba yake.

6. Sukari. Hili ndilo lililonifanya nikuandikie, hayo mengine nimeyataja ili upate joto.

Kila siku saa nne asubuhi, mtoto akisinzia, binti yuko shule, na mama mkwe amekwenda kuwajulia hali majirani ambao hali zao alizijua jana, mimi hupindua ndoo nyuma ya jiko, nikaikalia, nikanywa chai. Vijiko viwili vya sukari. Silisemi hili kwa haya wala kwa kiburi. Kwa muda ule mfupi hakuna anayeniita Mama, hakuna anayeninyonya, hakuna anayenivuta nguo. Chai ile si chakula, Dada. Ni mahali. Ndipo ninapokaa.

Halafu wewe ukasema sukari isiwekwe karibu na mkono.

Mume wangu alichukua nondo akatengeneza tundu. Sitasema uongo, ni tundu zuri, lina maua ya chuma na ncha juu kama geti la tajiri, na amelipaka rangi ya kijani iliyobaki kazini. Amelifunga ukutani jikoni kwa skrubu ndefu. Ndani yake kuna kopo la sukari, na mbele yake kuna kufuli. Ufunguo anauvaa shingoni, anaondoka nao asubuhi. Jioni anafungua, kila mtu anapata nusu kijiko, anafunga. Mama mkwe amelibatiza jina la mahabusu. Binti yangu akienda shule anatuaga sote, kisha anapita jikoni kuiaga sukari.

Na kuna dharau juu ya dharau. Kila jioni akifungua, mume wangu huchungulia kopo, hunitazama, kisha hutabasamu. Mimi ninayeshinda siku nzima nimekodoa macho nje ya nondo, ananitabasamia!

Nilimwambia wazi, presha ni yako, chai ni yangu. Akanijibu kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Nikamwambia buyu hilo analijaza nani? Akasema, Dada wa redioni amesema. Sasa Dada, mwanamke akijibiwa hivyo ndani ya jiko lake, ajue nyumba ina wake wawili, na mmoja wao hapiki.

7. Maambukizi. Ugonjwa huu umetoka nje. Fundi cherehani ameagiza tundu la mafuta ya kupikia. Mwenye nyumba ameagiza la chumvi, lenye kufuli mbili kwa sababu hajiamini. Juzi mama wa nyumba ya mkabala alikuja na tepu ya kupimia, akauliza kwa sauti ya chini kama linaweza kutengenezwa tundu la ukubwa wa kochi, mumewe na televisheni wakiwa humo humo, liwe linafunguliwa saa ya mazoezi tu. Nilitegemea mume wangu acheke. Alichukua penseli, akauliza mzee ana urefu gani.

Kwa hiyo, Dada, naomba mojawapo ya haya:

(a) Utangaze kesho, kwa ile sauti yako ya kumwamsha mtu, kwamba chai ya mama anayenyonyesha haihesabiwi.

(b) Ukishindwa, utangaze kwamba chai ya mama anayenyonyesha ni mboga ya majani. Mume wangu hatauliza swali, ataihamishia sebuleni kwenye sahani.

(c) Ukishindwa na hilo, njoo uishi nasi. Nafasi ipo. Mume wangu tayari anakutii, mama mkwe ana hisia nyingi za kukusimulia, na foleni ya choo tutakushikia. Sahani za vyumba vitatu zitakuwa zako Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili tutasaidiana kama dada kwa dada.

Sitaki unielewe vibaya. Wiki iliyopita nesi alimpima tena, presha imeshuka, na alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi. Niliingia chumbani nikafuta macho kwa kanga, nikatoka nikamwambia amechelewa. Mtu huyu namtaka, na namtaka kwa miaka mingi. Ila sioni kwa nini ili mume abaki, chai iwekwe rehani. Nataka vyote viwili. Mama wa watoto wawili ameshazoea kubeba viwili kwa mpigo.

Nikomee hapa, nusu saa yangu inakwisha na kibarazani kwa fundi cherehani nilipokaa giza linaanza kuingia. Nisalimie mtangazaji mwenzako anayekuuliza maswali huku anatafuna, tunamsikia. Nisalimie kijana wa mitambo, msoma habari, na mumeo kama unaye. Mwambie nampa pole, naye ataelewa.

Ni mimi mwenye hamu na chai,
Mama wa Watoto Wawili,
nyumba ya choo kimoja.

NYONGEZA: Dada, tafadhali usiisome barua hii hewani.

Nilirudi nyumbani jana nikiwa nimeikunja vizuri, nikakuta baraza la hisia limeanza. Zamu ilikuwa ya binti yangu. Akasema ana siri nzito moyoni, na Dada wa redioni amesema lililo moyoni litolewe. Siri yenyewe: Baba ameweka kidirisha ubavuni mwa lile tundu, upande wa dirishani, hakina kufuli, ni cha mkono wa Mama, na Baba amemkataza kusema ili Mama akigundue mwenyewe.

Hakuna aliyemkatiza. Mume wangu aliutazama wali wake chumbani mwake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kidirisha amekipima kwa bangili yangu, na kwamba tangu ameanza ufundi hajawahi kutengeneza geti la kumfungia nje mwenye nyumba. Akasema kila jioni alikuwa akiona sukari imepungua, akafurahi kwamba nimekigundua, ndiyo maana akawa ananitabasamia.

Nikamwambia mimi sijagusa hata punje.

Hapo mama mkwe akapaliwa, akanywa maji mengi kwa afya, na zamu yake ilipofika akasema leo hana hisia yoyote.

Kwa hiyo madai (a), (b) na (c) nayafuta. Usije. Endelea kusema. Ila lile la mapumziko ya mama, naomba useme kwamba nusu saa haitoshi, wataalamu wanapendekeza saa nzima. Barua hii yote nimeiandika humo, isipokuwa hii nyongeza.

Hii naiandika asubuhi, saa nne, nimekalia ndoo. Mtoto amelala. Nimepitisha mkono, umeingia bila kukwaruzika. Nimetia vijiko vyangu viwili, nimekoroga, nimeonja, na nusura niteme. Tamu mno, Dada! Sijui ni nani aliyenibadilishia ulimi.

Nimemwaga chai ile, nimejimiminia nyingine. Kijiko kimoja kimenitosha. Cha pili nimekirudisha kifungoni mwenyewe.