Maombi ya Kurudishiwa Mtaro Wetu

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Njia za Miguu na Baiskeli,
Halmashauri ya Mji.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UZURI ULIOPITA KIASI WA NJIA KATI YA MTAA WETU NA STESHENI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wasaidizi wako, pamoja na yule mhandisi mrefu aliyekuwa akija kupima ardhi yetu kwa kamba huku mbuzi wa jirani akiila kamba hiyo upande wa pili. Mimi ni mkazi wa mtaa ulio nyuma ya maghala, na kazi yangu ni mapokezi katika kliniki ya meno mjini. Si mtu wa kulalamika. Lakini yamenifika shingoni.

Kwa faida ya wasioujua mtaa wetu kabla ya neema hii kutushukia, naomba nieleze kidogo. Stesheni ya treni iko mbele ya macho yetu. Ukisimama dirishani jikoni kwangu unawaona abiria wakipiga miayo. Kuifikia, hata hivyo, ilikuwa shughuli. Kwanza uuzunguke ukuta wa ghala, kisha uvuke mtaro kwa ubao mmoja uliokuwa ukinesa kama kitanda cha urithi, halafu uiname upenye kwenye tundu la uzio, ambalo aliyelitoboa bila shaka alikuwa mwembamba. Mwenye baiskeli aliibeba begani kama majeruhi. Mara nyingi ukitoa kichwa upande wa pili, treni ndiyo inakuaga.

Ndipo mkaja. Mkaufukia mtaro, mkang'oa uzio, mkatandaza njia pana: upande huu wa waenda kwa miguu, upande ule wa baiskeli, umepakwa rangi ya kijani. Mkaweka taa, mabenchi, mteremko laini badala ya ngazi, na banda la kuegeshea baiskeli lenye paa. Paa, Ndugu Mkurugenzi. Nyumba yangu inavuja, baiskeli yangu inalala pakavu.

Siku ya uzinduzi nilipiga makofi kama wenzangu. Sikujua ninachokipigia. Madhara niliyoyapata ni haya yafuatayo.

1. Mlipoufukia mtaro, mlifukia na udhuru wangu. Kwa miaka mingi nilifika kazini nimechelewa, tope hadi magotini, na daktari wa meno, ambaye ndiye mwajiri wangu na ni mtu mpole, aliniangalia akasema pole. Tuliishi kwa amani. Wala sikufaidika peke yangu. Funguo za kliniki ninazo mimi. Wagonjwa waliokuta mlango umefungwa walikaa nje wakitafakari, wengi wakagundua kwamba jino haliumi kiasi kile, wakarudi makwao kwa furaha. Kuna mzee aliwahi kunishika mkono sokoni akanishukuru kwa uchelewaji wangu, akanionyesha na jino lenyewe. Leo nafika mapema, mlango uko wazi, watu wanang'olewa meno yao.

Wiki ya kwanza nilijaribu kusema kwamba njia bado mbaya. Daktari hakubishana nami. Jumamosi alipanda treni akaja kuikagua mwenyewe. Aliitembea yote na goti lake bovu, akakaa kwenye benchi lenu, akamenya chungwa. Jumatatu aliniambia kwa upole uleule, "Nimeiona njia yako. Kwa njia kama ile, hata mimi ningependa kuja kazini." Usingizi wangu haujatengemaa tangu siku hiyo.

2. Hapa naomba nieleweke vizuri. Mama mkwe wangu ninamheshimu, na asitokee mtu wa kuniwekea maneno mdomoni. Anaishi mwisho wa reli, peke yake tangu baba mkwe alipotutoka. Kabla ya njia yenu tulikuwa na utaratibu bora kabisa wa kutembeleana. Alishuka stesheni akaja mpaka ukingoni mwa mtaro. Aliutazama ubao, ubao ukamtazama, akaamua kubaki upande wake. Sisi tulisimama upande wetu na mazungumzo yakaendelea kwa kupaza sauti. Mtoto wetu alipozaliwa, alionyeshwa kwa kuinuliwa juu. Kofia ya sufu ambayo bibi yake alimfumia ilirushwa, nami niliidaka kwa mkono mmoja. Jioni mama mkwe alipunga mkono akapanda treni yake. Hakuna aliyetandika kitanda. Ni kweli mke wangu alikuwa akifuta macho kila mara tukirudi nyumbani, lakini nilijiambia ni vumbi, ingawa pale palikuwa na tope tupu.

Sasa njia ilipofunguliwa, mama mkwe aliteremka kwenye treni, akaifuata rangi ya kijani kama mtu anayefuata uzi, nami nikasikia hodi nikiwa ndani ya fulana yenye matundu. Alisimama mlangoni akageuka kuitazama stesheni, akasema, "Kumbe mlikuwa karibu hivi." Kisha akamchukua mjukuu wake mgongoni na hakumshusha mpaka giza lilipoingia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hajaondoka mpaka leo, na jembe alilichukua mwenyewe siku ya kwanza. Mahali palipokuwa na kiti changu cha kupumzikia pameota mchicha.

3. Mama mkwe amenunua baiskeli. Si baiskeli kama yako na yangu, bali ya magurudumu matatu, yenye kapu nyuma na kengele ya kumwamsha marehemu. Watoto wa mtaa wanamwita Bibi Kengele, naye ameliridhia jina hilo. Asubuhi anaondoka kwetu kwenda stesheni kumsalimia muuza magazeti, wakati uleule ninaokwenda kazini.

Sasa niambie, Ndugu Mkurugenzi, wewe uliyelelewa ukaleleka: ni mtu gani mwenye adabu atakayempita mama mkwe wake njiani, tena kwa kasi, tena kwa kumpigia kengele? Siwezi. Namfuata. Yeye anaendesha taratibu kwa sababu anatazama maua mliyopanda. Nyuma yangu yuko fundi bomba na mirija yake, nyuma yake wauguzi wanaokwenda zamu, nyuma yao muuza mayai, na wote hawawezi kunipita kwa kuwa mimi nayumba, maana baiskeli ikienda polepole kiasi kile haijui isimame au ianguke. Juzi tulipitwa na mama aliyekuwa akimfundisha mtoto wake kutembea. Foleni ile yote ni heshima tupu, lakini siku inaponichelewesha, daktari wa meno haitambui kama sababu.

4. Kitambi changu kimeondoka. Nilikijenga kwa subira na kilikuwa kinanitambulisha. Kwenye mikutano ya mtaa niliitwa mzee, nikapewa kiti cha mbele chenye mikono. Kwenye harusi nilikalishwa karibu na meza kuu bila kuulizwa mimi ni nani kwa bwana harusi. Kwa kuendesha baiskeli kila siku kwenye njia yenu laini, suruali zimeanza kunivuka na mkanda umeishiwa matundu. Mwezi uliopita tulialikwa kwenye harusi ya binamu wa mke wangu. Mlangoni mtu wa itifaki alinitazama juu hadi chini, akaniambia, "Wewe kijana, saidia kubeba viti." Nilibeba. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni ya mama yake, wakinitazama kwa kuridhika jinsi nilivyobeba viti vinne kwa mpigo bila kutweta. Hakuna aliyenitetea.

5. Salamu zimeharibika. Zamani tulipanga mstari kungoja ubao, na mtu aliulizwa habari za nyumbani, za kazi, za watoto na za yule mgonjwa wenu, akajibu zote. Sasa tunapishana kwa kasi. Nilimuuliza fundi bomba habari za watoto, na alipogeuza kichwa kujibu hawajambo, akaingia kwenye maua yenu pamoja na mirija. Mimi sikuweza kusimama kumpa pole kwa sababu mama mkwe alikuwa mbele yangu na nilihofia angedhani nimemkimbia. Ile pole ilibidi niipeleke nyumbani kwake jioni, na kwa kuwa nilifika nyumbani kwake, ikabidi nile.

6. Hili ndilo lililonifanya nikamate kalamu. Wiki iliyopita mama mkwe alisema jino lake linamsumbua. Kwa kuwa mteremko wenu unamfikisha na baiskeli yake mpaka jukwaani, na kwa kuwa treni nazo zimewekewa behewa la baiskeli, alinifuata mpaka kliniki. Nilimwandika jina, nikamwingiza kwa daktari, nikakaa mezani kwangu nikisikiliza. Mtu akiwa amefunguliwa mdomo kwa daktari hatakiwi kuzungumza, na mimi nililitegemea hilo. Alizungumza. Alimweleza daktari kwamba mkwe wake ni kijana mzuri, ila asubuhi anapenda kukaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi akiutazama ukuta, na kwamba ndiyo maana alikuwa akichelewa hata enzi za mtaro, maana mke wangu amemweleza. Daktari alicheka mpaka akaweka vifaa chini. Wamekuwa marafiki. Amempa mswaki bure na kumwambia apite wakati wowote, na kwa njia ile, wakati wowote maana yake ni kesho.

Ndugu Mkurugenzi, ukiyaweka haya pamoja utaona kwamba nimepoteza udhuru, kiti, kitambi, cheo cha uzee na siri yangu ya soksi, na vyote vimepita kwenye njia moja. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mkubwa mturudishie mtaro wetu kama ulivyokuwa, na vyura wake. Kama bajeti hairuhusu mtaro mzima, nitaridhika na nusu, ilimradi ipite mbele ya mlango wangu. Kama nusu nayo ni gharama, basi stesheni isogezwe mbele kidogo, mpaka isionekane kutoka jikoni. Na kama stesheni imeshika mizizi, naomba mtaa wetu wote uhamishiwe ng'ambo ya mto wowote mtakaoona unafaa, usiwe na daraja. Jembe ninalo, mama mkwe akimaliza kulitumia nitaanza kuchimba mwenyewe.

Ninaandika haya bila kinyongo. Msalimie mhandisi mrefu, wasalimie waliopaka rangi ya kijani, maana waliipaka imenyooka, na wasalimie wote wa nyumbani kwako, hasa mama mkwe wako kama unaye na kama ana baiskeli.

Ni mimi, niliyenyooshewa njia bila kuulizwa kama nilikuwa nataka kufika,

Mtu wa Mapokezi, Kliniki ya Meno.

N.B. Naongeza maneno haya nikiwa nimesimama kwenye dirisha la mapokezi la ofisi yako, kwa kalamu yenu iliyofungwa kamba. Tafadhali yasome haya kwanza.

Jana usiku mama mkwe alinikuta nikiandika, akaniuliza ninamwandikia nani. Nikasema idara ya njia. Akasema, "Umefanya vizuri kuwashukuru. Mimi nilitaka kuwaandikia, macho yangu hayanisaidii." Ndugu Mkurugenzi, ningesema nini? Nilikunja karatasi. Asubuhi akasema tutaileta pamoja, naye amekuja.

Sasa nisikilize. Kutoka stesheni ya huku kwenu mpaka kwenye ofisi yako hakuna njia. Kuna malori, kuna vichaka, na mbele ya lango lako kuna mtaro, na juu ya mtaro kuna gogo. Inawezekanaje binadamu aishi hivi? Nimeteleza, na kiatu changu cha kushoto kimebaki ndani. Dada wa dirishani amenipa pole, akaniambia wewe bado hujafika kazini kwa sababu njia ya huku ni mbaya. Nimemwamini, maana ni mtu mwenye uso wa ukweli.

Kwa hiyo ombi langu la juu lifute. Msiguse kwetu hata tofali moja. Badala yake ileteni njia kama yetu mpaka hapa langoni, yenye kijani, mteremko na benchi, na ikiwezekana wiki hii, kwa sababu mama mkwe amezuiliwa na gogo, yuko ng'ambo ya pili na baiskeli yake, na amekataa kurudi stesheni. Amewakusanya wafanyakazi wako waliochelewa, anawahutubia kuhusu mabenchi, na kengele naisikia mpaka humu ndani. Ukifika utamkuta. Tafadhali umsalimie kwa jina la Bibi Kengele, umwambie mmezipokea shukrani zetu na kwamba barua iliandikwa vizuri.

Na jibu la maandishi litakapokuja nyumbani, naomba sana lianze kwa maneno hayohayo, kwa kuwa mke wangu atalisoma mezani kwa sauti, na mama yake ameshasema kwamba siku hiyo atamwalika daktari wa meno.